Kwa nini Paul Scofield ana filamu chache?

Umeuliza iweje Paul Scofield, mwigizaji Mwingereza mshindi wa Oscar, awe na filamu chache hivyo. Ni kwa sababu kazi yake hasa ilikuwa jukwaani. Hata hiyo Oscar ilitokana na jukwaa: alianza kumwigiza Thomas More, kiongozi wa Uingereza wa karne ya 16, katika tamthilia ya A Man for All Seasons huko London mwaka 1960, akaenda naye Broadway, New York, akapata Tony (tuzo ya maigizo ya jukwaani) 1962, ndipo filamu yake, iliyompa Oscar, ikatoka 1966. Kufikia hapo mhusika alishamwingia damuni. Tazama eneo la mahakamani: kwanza anaongea taratibu, karibu ananong'ona, na sauti anaipandisha baada tu ya hukumu kujulikana.

Mwaka 1979 alikuwa wa kwanza kumwigiza Salieri, mtunzi wa muziki anayemwonea wivu Mozart, katika tamthilia ya Amadeus, National Theatre ya London. Kwenye filamu yake ya 1984 nafasi hiyo ilikwenda kwa F. Murray Abraham. Hasara kubwa kwetu tusiomwona! Ukitaka kumwona zaidi, tafuta filamu ya King Lear ya mwongozaji Peter Brook (1971), kisha Quiz Show (1994).

Na tafadhali usimwite "Sir". Heshima hiyo aliikataa; alipokea nishani nyingine za Uingereza, CBE mwaka 1956 na Companion of Honour mwaka 2001, ambazo hazimpi mtu jina la "Sir".