Jumla inasoma 0, kilo zimekwenda wapi?

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Mbale. Chama chetu cha ushirika kinapokea kahawa katika vituo 12, kuanzia Bududa na Sironko hadi Kapchorwa. Ukurasa niliouandika kwa JavaScript unaiuliza seva kilo za kila kituo, kisha unajumlisha. Ndani ya forEach (inayopita kituo kimoja kimoja) nimeweka funksheni ya async, yaani inayoweza kusubiri jibu kwa await, yenye mstari jumla += await letaKilo(kituo). Kilo naziona kwenye konsoli, lakini jumla kwenye skrini ni 0 siku zote. Nikitumia for...of inatoka sawa, ila ukurasa unachukua karibu nusu dakika. Nifanyeje?

JIBU: Await haina kosa, forEach ndiyo isiyojua kusubiri. Funksheni ya async hurudisha ahadi (Promise, yaani jibu litakalokuja baadaye) papo hapo, na forEach huitupa bila kuitazama. Inamaliza vituo vyote, jumla inaonyeshwa ikiwa 0, ndipo kilo zinaanza kuingia.

Na hata ingesubiri, hesabu ingeharibika. Katika mstari wako, JavaScript husoma jumla kwanza, kisha husimama kungoja seva. Maombi yote 12 yameishika ile 0. Kila moja likirudi linaongeza kilo zake juu ya 0 na kufuta alama ya mwenzake. Unabaki na kilo za kituo kilichochelewa kuliko vyote.

For...of huuliza kimoja kimoja: sekunde 2 mara 12 ni 24. Yatume maombi yote kwa pamoja, kwa Promise.allSettled inayosubiri kila moja liishe, lifaulu au lishindwe:

const majibu = await Promise.allSettled(vituo.map(k => letaKilo(k)));

Kwa HTTP/1.1 (toleo la zamani la kanuni za mawasiliano ya wavuti) vivinjari vingi hufungua miunganisho 6 tu kwa seva moja, hivyo yatakwenda kwa mikupuo miwili, kama sekunde 4. Kisha jumlisha value za yale tu yenye status "fulfilled". Wengi hukimbilia Promise.all, lakini hapo ahadi moja ikivunjika unakosa zote, na kwa mtandao wa mlimani moja haikosi kuvunjika.

Ndani ya letaKilo, kumbuka fetch (amri ya kuiomba seva data) haihesabu 404 (hakikupatikana) wala 500 (seva imeshindwa) kuwa kosa: jibu.ok ikiwa false, rusha kosa mwenyewe kwa throw. Ipe fetch pia signal: AbortSignal.timeout(8000), inayokatisha ombi baada ya sekunde 8, la sivyo ombi moja lililokwama litauzuia ukurasa mzima. Kituo kilichoshindwa kiandikie "haijapatikana", si 0. Mkulima wa Bududa akiona 0 atadhani kahawa yake haikupimwa.