Barua kwa mwanangu: kujitafutia ugonjwa

Malindi

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Sote wazima, isipokuwa babako na goti lake. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama ni kweli nilisimama kanisani nikataja saratani ya mlango wa kizazi mbele ya padre na watoto wa komunyo ya kwanza, na kama mtu mwenye imani ana haja gani ya kwenda kupimwa, kujitafutia ugonjwa.

Ni kweli. Padre mwenyewe alinipa nafasi baada ya matangazo. Babako alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo.

Unamkumbuka yule jirani uliyemwita mama mdogo, aliyekuwa akikuletea mahamri? Alikuwa amekoma hedhi miaka mingi, kisha damu ikarudi. Alipotudokeza jumuiyani, tulicheka. Kuna aliyemwambia, "Wee, umerudi usichana!" Aliyesema hivyo ni mimi mamako.

Baada ya hapo hakutuambia tena. Akahamia benchi la nyuma karibu na mlango, leso mbili nyeusi kiunoni. Kila jumuiya tukamwombea "mwenzetu anayesumbuliwa na tumbo". Zahanati moja ikawa inampa tembe za maumivu, akirudi anapewa nyingine, wala hakuna aliyemchunguza huko chini. Karibu mwaka mzima tuliliombea tumbo lisilokuwa na ugonjwa wowote.

Ilipojulikana ni saratani, ilikuwa imeshatambaa. Mionzi akaenda kupigwa Mombasa, kilomita 120 hivi kutoka hapa, siku 5 za wiki, kwa wiki 5. Mtu anavuja damu, atapanda matatu kwenda na kurudi kila siku? Tukamtafutia pa kulala kwa muumini mmoja Kisauni, tukapangiana zamu za kumsindikiza, mwenye kuku akauza kuku. Alizikwa kabla ya Kwaresima.

Sasa hiyo imani unayoniuliza. Karibu saratani yote ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi cha HPV, na tangu kirusi kiingie hadi iwe saratani hupita miaka 15 hadi 20 kwa mwenye kinga nzuri. Mungu ametupa miaka yote hiyo, sisi tunaipitisha tukiona haya! Ukipimwa mapema wanakuta seli zimeanza tu kubadilika, wanazigandisha au kuzichoma, na mara nyingi siku hiyohiyo unalala kwako.

Hiyo haya yenyewe naijua inakotoka. Kirusi hupatikana kwa kukutana kimwili, kwa hiyo mtu anaogopa kuitwa malaya. Lakini wengi waliowahi kukutana na mtu kimwili wamewahi kukipata, hata aliyefunga ndoa altareni akamjua mume mmoja tu. Kwa wengi mwili hukifukuza wenyewe. Hilo nililisema kanisani polepole, na nikaona vichwa kadhaa vikiinuka.

Mwezi uliopita nilikwenda na wifi yako. Mimi kwa umri wangu nilichukuliwa ute kwa kijiti cha pamba ukapimwe hicho kirusi, basi. Yeye alipakwa siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, nesi akangoja dakika moja, kisha akamulika taa aone kama pana mahali pamegeuka peupe, maana hapo huenda seli zimeanza kubadilika. Chumba kizima kilinukia achari. Wifi yako alikuwa amelishika pindo la leso yangu mpaka likakunjamana, kisha ghafla akasema, "Mama, nina hamu ya embe." Tulicheka, na nesi naye akacheka. Hakukutwa na kitu.

Jumuiyani sasa tunautaja ugonjwa kwa jina lake, hata tunapoomba. Wanaume wameanza kuulizana habari za tezi dume, kwa kunong'ona, nje chini ya mwarobaini.

Wewe una miaka 34, umri wa kupimwa umeshafika. Na mjukuu wangu anatimiza 10: chanjo ya HPV ilianza kutolewa Kenya mwaka 2019 kwa wasichana wa umri huohuo, uliza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kama unaogopa kwenda peke yako, njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tunakwenda wanawake 11 na tuktuk tumeshazikodi. Nitakuwekea nafasi ubavuni pangu.

Ni mimi mamako.