Maswali Yenu: Fundi wa Lamu katika Msitu wa Uingereza

SWALI: Assalam aleikum. Mimi ni fundi seremala mstaafu wa Langoni, Lamu. Binti yangu anaishi na mumewe mjini Luton, Uingereza, nao wamenikatia tiketi niwatembelee mwezi wa Mei. Ananiahidi kunipeleka nje ya mji, kwenye msitu mtulivu, nikapumzishe akili. Misitu niijuayo mimi ni ya Boni na Witu, ambako mtu haingii akajikalia tu, kwa kuwa mna nyati na simba. Je, msitu wa huko una nini cha kumtoa mzee nyumbani? Yaruhusiwa kuingia katika ardhi ya wenyewe? Na sala nitaisali vipi huko?

Fundi mstaafu, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, Mzee wetu, na shikamoo. Nenda, tena umwombe binti yako akupeleke Ashridge, katika vilima vya Chiltern, mwendo wa gari usiofika saa moja kutoka Luton. Eneo hilo la karibu hekta 2,000 liko chini ya National Trust, shirika la hifadhi lililoanzishwa mwaka 1895. Wako watakaokushauri uende Epping kwa kuwa treni ya chini ya ardhi ya London hufika huko, na kweli ni msitu mzuri unaolindwa kwa sheria yake yenyewe tangu 1878. Lakini siku za mapumziko hujaa watu na barabara kuu zimeupitia, nawe umeahidiwa utulivu.

Mwezi wa Mei umekuangukia vyema. Kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei, baadhi ya sehemu za msitu huo, hasa ile iitwayo Dockey Wood, hutandazwa maua ya buluu yaliyokaribia zambarau, yaitwayo blubeli. Mmea huu hukaa ardhini kwa kitunguu chake, kisha hutoa majani na maua mapema, kabla miti iliyo juu yake haijakamilisha majani na kuziba jua. Wiki chache baadaye kivuli huwa kizito na maua yamekwisha. Inama ulitazame moja kwa karibu. Bua lake huinamisha shingo, vikengele vyote huning'inia upande mmoja, ncha zake zimejikunja kwa nje, na harufu yake ni tamu bila kuwa kali. Usitoke njiani kwa ajili ya picha, kwa sababu majani yakipondwa kitunguu hukosa chakula, na huchukua miaka kadhaa kabla ya kurudi katika hali yake. Kuung'oa mmea wa porini bila idhini ya mwenye ardhi ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1981.

Lakini kwa mtu wa kazi yako nadhani miti yenyewe itakupendeza kuliko maua. Mingi katika vilima vya Chiltern ni mibiichi, miti ya jamii moja na mwaloni, yenye gome laini la kijivu, na mbao yake ni ngumu, ina nyuzi zilizoshikamana, na hukerezeka vizuri. Hadi katikati ya karne ya 20, ndani ya misitu ya vilima hivyo walifanya kazi mafundi walioitwa bodgers, ambao riziki yao ilikuwa kukereza miguu ya viti. Hawakuyahangaikia magogo kuyafikisha mjini. Walijenga kibanda pale pale mti ulipoangushwa, wakaipasua mbao ingali mbichi, wakaichonga kwa kisu chenye mishiko miwili huku wamekaa kwenye benchi lililoubana mti kwa nguvu za miguu yao, kisha wakaitia kwenye kerezo.

Kerezo lenyewe ndilo ninalotaka ulifikirie utakapokuwa umesimama chini ya miti hiyo. Halikuwa na gurudumu wala mashine. Ufito mrefu unaonesa ulifungwa juu, kamba ikashuka kutoka nchani mwake, ikazungushwa kwenye mbao inayokerezwa, ikaishia kwenye kibao cha kukanyagia. Fundi alipokanyaga, mbao ilizunguka kumjia naye akakata. Alipoinua mguu, ufito ulijivuta juu, mbao ikazunguka kinyume, naye akaiondoa patasi na kungoja. Alikata nusu ya muda na kungoja nusu, na bado kutoka mikononi mwake ilitoka miguu iliyolingana. Ikishakauka ilipelekwa katika mji wa High Wycombe, ambako viwanda viliunganisha miguu, migongo na vikalio kuwa viti vilivyojulikana kwa jina la Windsor. Jumba la makumbusho la mji huo lina viti vya namna hiyo, na ukibakiwa na siku moja ya ziada nakusihi usikose kufika, kwani mtu aliyetengeneza miguu ya vitanda vya Lamu ataona humo mambo ambayo mgeni mwingine atayapita.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wageni wanaousifu msitu wa namna hii kuwa ni pori lisiloguswa. Umeguswa kila pembe. Miti ilikatwa kwa kuchaguliwa, mingine ikaachwa ikue. Kazi hiyo ilipokufa, iliyobaki ikakua na kuzeeka pamoja, na ndiyo maana leo utakuta mahali pengi vigogo virefu vilivyonyooka, matawi yamekutana juu, na chini pana majani makavu tu. Tafuta pia visiki vilivyotoa mashina mengi membamba. Miti mingi ya huko ikikatwa karibu na ardhi huchipua tena, na kwa karne nyingi watu walivuna fito na nguzo kwa zamu, kipande kimoja cha msitu baada ya kingine, bila kuua mti. Mkoko wetu utoao boriti hauna uwezo huo: ukishakua, ukikatwa chini, umekufa, na hauna budi kupandwa upya. Ningefurahi sana kama vijana wanaokata boriti Lamu wangesikia tofauti hiyo kutoka kwa fundi kama wewe.

Kuhusu ardhi ya wenyewe, usiwe na hofu. Uingereza ina njia za miguu za umma zinazopita hata katika mashamba na misitu ya watu binafsi, na mwenye ardhi haruhusiwi kuzifunga. Utaziona kwa mshale wa manjano uliopigiliwa kwenye nguzo. Mshale wa buluu ni wa njia ambayo waendesha baiskeli na wapanda farasi nao huitumia. Ukifuata njia hizo huhitaji kumwomba mtu ruhusa, ila lango ulilolikuta limefungwa ulifunge tena, na moto usiwashe. Katika msitu wa Ashridge watu hutembea bure, ingawa Dockey Wood imewahi kutoza kiingilio kidogo mwishoni mwa juma wakati wa maua, basi binti yako aulize kwanza. Mimi ningechagua asubuhi ya siku ya kazi.

Simba na nyati hakuna. Mnyama mkubwa utakayemwona Ashridge ni paa wa madoadoa, naye atakukimbia. Nchi nzima ina nyoka mmoja tu wa asili mwenye sumu, na kifo cha mwisho kilichoandikwa kutokana naye kilitokea mwaka 1975. Wa kuhadhari naye ni kupe, kwa sababu baadhi yao wana vijidudu vya ugonjwa uitwao Lyme. Ingiza suruali ndani ya soksi, na mkirudi nyumbani ujikague. Ukimkuta, avutwe taratibu kwa kibanio, moja kwa moja, bila kupindwa. Kama baadaye doa jekundu litaanza kutanuka ngozini, nenda kwa daktari.

Kibla nacho kimebadilika. Lamu tunaelekea kaskazini. Huko utaelekea kusini-mashariki. Mwanzoni mwa Mei adhuhuri huingia karibu saa saba mchana, alasiri karibu saa kumi na moja jioni, na jua halizami hadi saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo mkitoka asubuhi mna nafasi kubwa. Chukua chupa ya maji ya udhu na mkeka wenye nailoni chini, kwa kuwa ardhi huwa na unyevu hata siku ya jua. Vaa sweta na koti. Joto la mchana wa Mei aghalabu ni nyuzi 17 hivi, na asubuhi huwa chini zaidi. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli ya meno.

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Malindi, na likizo yetu Uingereza itaangukia mwanzoni mwa Novemba. Je, msituni kuna cha kuona wakati huo, au tubaki mjini?

Msomaji, Malindi

JIBU: Kipo, dada yangu. Ndio wakati ambapo majani ya mibiichi hugeuka rangi ya dhahabu na shaba kabla ya kudondoka. Ninyi mliozoea Arabuko-Sokoke, ambako miti huangusha majani kwa ukame, huko mtaiona ikiyaangusha kwa sababu mwanga umepungua na baridi inakuja. Anzeni matembezi mapema, kwani jua huzama karibu saa kumi na nusu alasiri, na chini ya miti giza huwahi zaidi. Vaeni buti za mpira, maana tope ni jingi. Mtakuta uyoga wa kila namna, nanyi watu wa Malindi mnajua kuuchuma. Huo wa huko msiuguse kwa nia ya kuupika. Chini ya mialoni na mibiichi huota uyoga mmoja wa kijani kilichopauka, wenye sura ya kuvutia, ambao huharibu ini na huua, na kuupika hakuondoi sumu yake.