Dogo kaitwa mradi wa kubadilishana vijana Ulaya: niliyoyaona mwenyewe kutoka Chamwino mpaka Maribor

Mbukwenyi wana Dodoma, na wengine wote habari za leo.

Dada uliyeuliza kuhusu mdogo wako, swali lako nimelisoma mara mbili. Dogo kamaliza form six, kuna kikundi cha vijana hapo Chang'ombe kimemwambia amechaguliwa kwenye mradi wa ubunifu na ujasiriamali, siku kumi Ulaya, ila atoe kwanza laki mbili na nusu ya fomu na kushikiwa nafasi, na wewe unawaza hiyo hela si bora umfungulie genge la biashara tu. Nimeona wengi wamekujibu kwa neno moja, huyu anasema utapeli, yule anasema mwache akaone dunia. Mimi mradi wa namna hiyo niliuingia 2019 na mpaka leo naishi na matokeo yake, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa urefu kidogo.

Nianze na hela maana ndo inayokuuma. Sisi hatukutoa hata mia ya fomu. Mradi wetu ulikuwa chini ya Erasmus+, ule mpango wa Umoja wa Ulaya, ambao Erasmus yenyewe ilianza 1987 kwa wanafunzi wa vyuo vikuu na 2014 ndo ikapanuliwa ikaitwa Erasmus+ ikachukua na mambo ya vijana. Kule mtu binafsi haombi, linaomba shirika pamoja na mashirika wenzake wa nchi nyingine, wakipata ruzuku basi tiketi ya ndege, malazi na chakula vinatoka humo. Iko na mingine, Wajerumani wana weltwärts tangu 2008, mwanzo ilikuwa vijana wao tu wanakuja huku, 2013 ndo mlango ukafunguka na wa kwetu kwenda kule, na Wanorwei wana Norec ambayo zamani iliitwa Fredskorpset. Yote hiyo kuna shirika huku na shirika kule, yanajulikana kwa majina na yana mkataba. Sasa dogo akaulize mambo ya kawaida kabisa, mradi unaitwaje, shirika la upande wa pili ni lipi na liko mji gani, barua ya mwaliko imesainiwa na nani. Wakianza kuzunguka hapo, au wakisema lipa kwanza majibu yatakuja, dada hiyo hela isitoke.

Mimi nilicholipa mwenyewe ni pasipoti, laki na hamsini, na nauli ya basi kwenda Dar mara mbili kwa ajili ya viza. Siku hizi mna SGR, ile treni ya umeme, kwenda tu ni 31,000 kwa treni ya kawaida, na unaweza kurudi siku hiyohiyo, sisi tulikuwa tunalala kwa ndugu Mbagala. Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, wakati ule ilikuwa yuro 60, leo ni 90 tangu Juni 2024, na lazima uwe na bima ya safari inayofika yuro 30,000. Hivyo viwili mradi ulitubebea.

Sasa nikuambie kitu ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko hela. Muulize dogo hicho kikundi kinafanya kazi gani hapa Dodoma leo, kabla ya safari. Kama kazi yao ni kusubiri safari basi hata kama mradi ni wa kweli atarudi na picha.

Sisi tulikuwa vijana 15, Chamwino hapa hapa Dodoma, tunatengeneza jemu na juisi ya zabibu, na wawili kati yetu walikuwa wanachonga ilimba (ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) na zeze la nyuzi, wanauza kwa wageni wanaokuja kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, palepale Chamwino. Jemu ilikuwa haitoki. Unajua zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu ukifika kila mtu anavuna siku moja, mnunuzi anakuja anapanga bei anayotaka yeye, mkulima asiyekuwa na pa kuhifadhi mchuzi, yaani maji ya zabibu zilizokamuliwa, anaziangalia zinaoza shambani. Baba yangu ana ekari moja Hombolo, nimemuona akikaa chini ya mzabibu hasemi kitu. Kwa hiyo sisi jemu tuliianza kwa uchungu kabisa, tuokoe zabibu, lakini tulikuwa tunapika kwanza halafu ndo tunatafuta wa kumuuzia. Shuleni ujasiriamali tulifundishwa kwa kukariri, sifa za mjasiriamali taja tano, nikapata alama zote na sijawahi kuuza hata karanga. (Nashukuru mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani ufundi na kazi za mikono, natamani walimu wapewe na vifaa, si vitabu tu.)

Septemba 2019 tukaenda watatu, Slovenia, mji unaitwa Maribor, uko kando ya mto Drava. Siku ya kwanza nilitegemea wataanza kutufundisha darasani, wakatugawa vikundi vilivyochanganyika nchi, wakatuambia nendeni mtaani muongee na watu ishirini, msiuze kitu, ulizeni tu wananunua nini cha kupaka mkate, wananunua wapi, mara ya mwisho walinunua lini na kwa nini waliacha ile ya zamani. Kiingereza changu cha kubabaisha, wazee wa pale wengi hawakijui, ila tulifika ishirini. Jioni tukabandika majibu ukutani na hakuna hata mmoja aliyezungumzia ladha, walizungumzia ukubwa wa chupa, mfuniko, na nani kaitengeneza. Mimi miaka miwili nilikuwa nabishana na wenzangu sukari iwe ngapi!

Halafu wakatupeleka kuona mzabibu. Mmoja. Uko mtaa wa Lent pale mtoni, umepanda kwenye ukuta wa nyumba, una zaidi ya miaka 400 na umeandikwa kwenye kitabu cha Guinness kuwa ndo mkongwe kuliko yote duniani unaozaa bado. Unatoa kilo kama 35 mpaka 55 kwa mwaka, yaani tenga mbili tatu za kwetu. Kwenye hizo kilo wanapata vichupa vidogo vya mvinyo vya robo lita, kama mia hivi, haviuzwi ovyo, mji unawapa wageni wa heshima, na vipandikizi vya mti huo wanavipeleka zawadi kwenye miji ya nje vikapandwe. Ile nyumba imekuwa makumbusho, watu wanakuja wanaangalia mti mmoja wanaondoka wamenunua mvinyo wa mashamba mengine ya jirani. Nilisimama pale nikamkumbuka mzee wangu Hombolo nikalia, sisemi uongo. Sisi tuna mashamba mpaka macho yanachoka na hakuna mtu aliyewahi kuuliza huu mzabibu kaupanda nani, mwaka gani, maji alitoa wapi kwenye ukame huu wa Ugogoni.

Kurudi nyumbani tukabadili vitu vitatu tu. Tuliacha kopo kubwa la plastiki tukaenda chupa ndogo ya glasi yenye mfuniko wa kusokota. Lebo tukaandika jina la kijiji na jina la mkulima aliyetoa zabibu, baba yangu akiwemo, siku alipoiona ile lebo aliiweka kabatini mpaka leo hajaifungua. Na kabla ya kupika mzigo tulienda kuuliza, Majengo sokoni, stendi, maofisini Mtumba kwenye mji wa serikali, kwa wamama wanaouza chai asubuhi. Hao wamama ndo walitufungua macho, walisema tuleteeni vijipakiti vya kupaka mara moja, chapati na jemu, chupa nzima siwezi kununua leo. Tukaenda SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, tukafundishwa usindikaji wa usafi na njia ya kufuata mpaka alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, hiyo ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani na ilitutoa jasho, ila bila hiyo duka la maana halikupokei, na sawa tu maana ni chakula cha watu.

Mradi ulisema na wao waje kwetu 2020, ikaja Corona, ndege zikakatika, wakaja 2022. Hapa ndo nataka usome vizuri dada, maana watu wakisikia kubadilishana wanadhani ni sisi kwenda tu kufundishwa. Walikuja vijana tisa. Wamama wa Chamwino wakawapigia muheme, zile ngoma ambazo kwa Wagogo wanapiga wanawake, wakawawekea ngoma katikati ya mapaja, na wale vijana, ingawa wawili miongoni mwao walisomea muziki, wakashindwa kabisa kushika sauti zinavyopishana. Bibi mmoja akawaambia pole pole wajukuu zangu, sikilizeni kwanza wiki nzima. Halafu fundi wetu wa ilimba akawafundisha kuchonga siku nne, kuchagua mti, kugonga vyuma, kutega sauti, na mwisho mmoja akamuuliza hii unauza bei gani, akataja, yule binti akanyamaza halafu akamwambia kwa siku nne nilizofanya kazi mimi mwenyewe siwezi kuuza bei hiyo. Fundi alikuwa anahesabu mbao na misumari, siku zake hakuwahi kuzihesabu. Tangu siku ile anaziandika kwenye daftari. Marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, mtoto wa Doduma hapa hapa, aliipeleka ilimba kwenye majukwaa ya dunia tangu zamani, kwa hiyo dunia inaijua, aliyekuwa hajui thamani yake ni huyu anayeichonga chini ya mwembe.

Sitaki nikufiche magumu. Hela za mradi zilipoisha vijana walianza kupungua, maana wengine walikuja kwa ajili ya posho na safari, tukabaki sita. Kwenda walienda watatu na waliobaki walihisi wametengwa, ugomvi ule ulikaribia kutuua, ningekuwa na uwezo wa kurudia ningewaandikia wote kwenye kikao namna waliokwenda walivyochaguliwa, kabla hata ya kuomba. Tukaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ambayo nne ni ya vijana, serikali ikawa imesitisha Aprili 2023 kupanga utaratibu upya, tukakaa mpaka iliporudi 2024. Muda huo tuliishi kwa vijipakiti vya wamama wa chai, kweli kabisa. Leo sita tunalipana kila mwezi, si kingi ila kinatoka, na tunanunua zabibu kwa wakulima kumi na moja kwa bei tunayokubaliana kabla ya mavuno.

Kuna cheti pia, kinaitwa Youthpass, wanakupa mwisho na unaandika mwenyewe umejifunza nini. Kazini hapa kwetu hakijanifungulia mlango wowote, nisimdanganye dogo. Kilichonisaidia ni lile zoezi la watu ishirini, na hilo anaweza kulianza kesho asubuhi soko la Sabasaba bila viza.

Kwa hiyo jibu langu kwako. Laki mbili na nusu usiwape. Laki na hamsini mtengenezee pasipoti, itakaa miaka kumi, nafasi ya kweli ikija imkute nayo mkononi, maana nimeona wenzangu wawili wakikosa kwa sababu namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ilichelewa na muda ukaisha. Laki inayobaki usimfungulie genge bado. Mpe elfu ishirini na daftari azunguke wiki mbili aulize watu, akirudi akuambie amesikia nini, ndo mkae mzungumzie ile themanini. Na kama hicho kikundi cha Chang'ombe kina kazi ya mikono kinayoifanya, hata ndogo, aende akafanye nao hiyo kazi mwezi mzima bila kutoa hela, halafu urudi hapa utuambie waliendeleaje.