Samaki hawajahama, wameshuka chini

Pole sana, ndugu. Umesema Juni ulikuwa unapata trauti na paiki, samaki wa maji baridi, karibu na ukingo wa ziwa lenu la huko nchi za kaskazini, lakini sasa Julai, majira yenu ya joto, mshipi hautikisiki. Jua likishapasha maji, ziwa hugawanyika matabaka: vuguvugu juu, baridi chini, na katikati tabaka jembamba ambamo joto hushuka ghafla. Trauti wanapenda baridi, basi huzama. Funga chubwi nzito, teremsha chambo mita moja moja huku ukihesabu mpaka uguswe. Kina hicho kikumbuke.

Paiki ni habari nyingine. Wadogo bado wanavizia kwenye majani ya majini, hasa alfajiri, ziwa likiwa limetulia tuli. Tupa pembeni mwa majani, vuta taratibu, kisha simama kidogo. Mara nyingi hapo ndipo paiki anaporukia chambo. Usisahau kipande cha waya kabla ya ndoana, meno yake hukata mshipi.

Na tafadhali, ukimtoa paiki mkubwa kwenye maji ya vuguvugu na huna haja naye, mrudishe haraka. Mimi humshika mkia ndani ya maji mpaka apige mkia mwenyewe na kuondoka. Inaniuma kumwona anaelea tumbo juu.