Rangi ikitoweka majini: ushauri kwa wanaoanza kazi ya vichocheo vya mwanga, Bukavu

Wadogo zangu mnaoingia mwaka huu katika maabara za kemia hapa Bukavu, na hasa ninyi mliochagua kazi ya mwisho wa masomo inayohusu kuvunja rangi za nguo majini kwa vichocheo vinavyoamshwa na mwanga, nawaandikia mambo ambayo mara nyingi hayamo katika maelekezo ya majaribio. Jaribio lenyewe halina ugumu: unga mweupe kidogo, maji yenye rangi, jua kali, na baada ya muda maji yametakata. Urahisi huo ndio unaofanya matokeo mengi yasiaminike, kwa sababu rangi inaweza kutoweka kwa njia kadhaa, na ni moja tu kati ya hizo inayothibitisha kwamba kichocheo chako kimefanya kazi.

Unga huo mweupe, ambao ndio kichocheo, mara nyingi ni titani dioksidi ya aina ya anatasi, nayo huhitaji nishati ya elektroni-volti 3.2 hivi ili elektroni ipande na kuacha tundu nyuma yake. Ukigawanya 1240, namba inayogeuza elektroni-volti kuwa urefu wa wimbi la mwanga, kwa 3.2 unapata nanometa 387, yaani mwanga wa urujuanimno ndio pekee unaoiamsha. Elektroni hukamatwa na oksijeni iliyoyeyuka majini, tundu nalo huchukua elektroni kutoka kwa maji au kwa ioni za haidroksidi, na hapo huzaliwa radikali za haidroksili, yaani vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo huishambulia molekuli ya rangi bila kuchagua sana mahali pa kuanzia. Katika mwanga wa jua ufikao ardhini, urujuanimno ni kama asilimia 4 hadi 5 tu. Sisi tunaoishi kiasi cha nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, tuna jua la kutosha. Kinachotusumbua ni mawingu. Katika msimu wa mvua, mwanga wa saa nne asubuhi na ule wa saa nane mchana ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwa hiyo msilinganishe jaribio la Jumatatu na la Alhamisi. Wekeni vyombo vitatu vya kioo vya aina moja bega kwa bega, kwa wakati mmoja: kimoja chenye rangi na kichocheo, kingine chenye rangi peke yake, na cha tatu chenye rangi na kichocheo lakini kimefunikwa kwa karatasi ya alumini. Wekeni pia alama kwenye usawa wa maji, kwa kuwa maji yakipungua kwa joto, rangi iliyobaki itaonekana imeongezeka. Wanaotumia taa wajue kwamba umeme ukikatika katikati, jaribio hilo huanzwa upya.

Chombo kilichofunikwa ndicho wengi hukiruka, nacho ndicho kinachosema mengi. Rangi hunata juu ya chembe za unga hata gizani, kwa hiyo kabla ya kufungua mwanga ni lazima mchanganyiko ukorogwe gizani, kwa kawaida kwa dakika 30, na usomaji urudiwe mpaka usibadilike tena. Kipimo cha mwanzo cha grafu yenu ni kile cha baada ya giza. Anayeanza kuhesabu tangu alipomimina unga anakisifu kichocheo kwa kazi ambayo hata kaboni ya makaa ingeifanya.

Kuhusu vipimo, bluu ya metileni, rangi inayotumika sana katika majaribio haya, husomwa kwenye nanometa 664, mahali inapofyonza mwanga zaidi. Wengi huanza na miligramu 10 kwa lita kwa sababu ni namba rahisi, ilhali kwa kiasi hicho spektrofotometa, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa, itaonyesha ufyonzaji wa 2 au zaidi, mahali ambapo vifaa vingi havisemi tena ukweli. Zimueni sampuli kabla ya kuisoma, au anzeni chini zaidi. Tazameni vilevile usomaji kwenye nanometa 800, ambako rangi hii haifyonzi mwanga: usipokuwa karibu na sifuri, chembe za unga zimebaki ndani ya sampuli na zinatawanya mwanga. Vichujio vya utando husaidia kuziondoa, lakini baadhi yake hunasa rangi. Chujeni kwanza maji ya rangi yasiyo na kichocheo mwone kinachopotea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kila mmoja wenu alibishanie na msimamizi wake. Mtu akitengeneza unga mpya, akauweka chini ya taa ya mwanga unaoonekana pamoja na bluu ya metileni, na rangi ikafifia, huandika kwamba kichocheo chake kinatumia mwanga unaoonekana. Hoja hiyo haisimami. Rangi yenyewe hufyonza mwanga huo, huupa unga elektroni, kisha huharibika yenyewe. Unga umepokea tu. Rudieni jaribio kwa kitu kisicho na rangi, kama fenoli au asidi ya salisili, ambacho hakiwezi kufyonza mwanga unaoonekana. Kikipungua, hapo mna la kusema.

Tena, msitazame kilele kimoja tu cha ufyonzaji. Rodamini B, rangi nyingine ya majaribio, husomwa kwenye nanometa 554, lakini inapopoteza vikundi vyake vya ethili kimoja baada ya kingine, kilele husogea kuelekea 498. Anayesoma 554 pekee ataripoti kwamba rangi imekwisha, wakati ndani ya chombo mna molekuli nyingine yenye pete zilezile za benzini. Chukueni spektra nzima, yaani usomaji wa urefu wote wa mawimbi, kila mara, na mkiweza kupata kipimo cha kaboni yote iliyomo katika molekuli za kikaboni majini, au angalau kile cha oksijeni inayohitajika kikemikali, kipeni nafasi kuliko picha za chupa zilizopangwa kutoka buluu hadi nyeupe. Picha hizo hupendwa sana wakati wa kutetea kazi, nami sijaona zikijibu swali lolote.

Kwa wasio na uwezo wa kuagiza unga kutoka nje, yuria ya mbolea inayouzwa sokoni, ikichomwa ndani ya kikombe cha kauri chenye kifuniko kwenye nyuzi 550 hivi kwa saa chache, hutoa nitridi ya kaboni ya manjano inayoamshwa na mwanga hadi karibu nanometa 460. Fungueni madirisha, maana amonia hutoka kwa wingi.

Mwishowe ni maji yenyewe. Karibu kazi zote hufanywa kwa maji yaliyotoneshwa, ilhali maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH inayokaribia 9 na bikaboneti nyingi, na bikaboneti hula radikali za haidroksili, ikiacha mahali pake radikali za kaboneti zilizo dhaifu zaidi. Kwenye pH hiyo uso wa titani dioksidi una chaji hasi, hivyo bluu ya metileni, yenye chaji chanya, huvutwa, na machungwa ya methili, rangi yenye chaji hasi, husukumwa mbali. Mpangilio wa rangi iliyo rahisi kuvunja unaweza kugeuka. Kwa hiyo fanyeni jaribio moja katika maji yaliyotoneshwa, la pili katika maji yaliyotoneshwa yenye bikaboneti ya sodiamu na pH sawa na ya ziwa, la tatu katika maji ya ziwa yenyewe, na mkipenda la nne kwa maji ya mto Kahuwa yaliyochujwa. Tofauti kati ya la kwanza na la pili itawaonyesha athari ya bikaboneti na pH. Ile kati ya la pili na la tatu ni ya ioni nyingine na mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka.