Maswali ya Wasomaji: Mawese, Migebuka na Vivuli Vinavyohama

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Mimi ni mkazi wa Ujiji, Kigoma, ninajifunza kuchora kwa rangi za mafuta. Nyumbani huchora migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, na chikichi (matunda yanayotoa mawese) nilizopanga mezani, na jioni huenda mwaloni kuchora mitumbwi, lakini vivuli huhama kabla sijamaliza. Tena, je, naweza kuzimua rangi kwa mawese?

JIBU: Marahaba. Mawese yaache jikoni. Mafuta ya kitani, yanayotumika katika rangi za mafuta, hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewani hadi yakawa utando mgumu, ilhali mawese hayana tabia hiyo, hivyo picha yako ingebaki ikinata na kukusanya vumbi.

Kuhusu mwaloni, Kigoma iko takriban nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hushuka karibu wima nyuma ya milima ya Kongo na mwanga wa jioni haudumu. Anza kwa kuweka mipaka ya vivuli kwa rangi nyepesi, kisha usiibadilishe tena hata vivuli vikihama. Siku nyingine rudi saa ileile. Mchoraji Mfaransa Claude Monet, alipochora marundo ya nafaka mwaka 1890 na 1891, alikuwa akibadilisha turubai la kuchorea kila mwanga ulipobadilika.

Mgebuka, kwa maoni yangu, ni mwalimu mgumu kuliko ziwa. Mng'ao wake hautokani na rangi nyeupe: ubavu karibu wote ni kijivu chenye ubuluu, na nyeupe hubaki mstari mwembamba upande wa dirisha. Uchore kwanza, kabla ngozi haijafifia, chikichi zitakusubiri.